Fundi Aliyeikataa Pikipiki Yangu

Mombasa imejaa mafundi, lakini Majengo ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yeye. Hakuna aliyeuliza fundi wa nini. Jina lake nalijua, na la babake pia, lakini siliandiki hapa. Nililichafua mara moja, na mara moja yatosha.

Alikuwa na karakana ya mlango mmoja, nyumba ya udongo iliyopigwa plasta upande wa mbele tu, na kazi yenyewe ilifanyiwa nje chini ya kivuli cha mabati. Mtu mfupi, kikoi amekifunga juu ya vifundo vya miguu, kofia yake ya mkono imefuliwa hadi maua yake hayaonekani tena. Mikono ilikuwa na grisi tangu asubuhi, lakini ikikaribia adhuhuri utamkuta amekaa na kipande cha ndimu na majivu kidogo, anasugua kucha moja moja. Hagusi chakula mpaka kucha zing'ae. Sisi wateja twangoja. Ukimharakisha alikutazama tu, halafu akaanza tena kucha ya kwanza, makusudi.

Kutengeneza alijua, lakini mafundi wa kutengeneza ni wengi. Sifa yake yeye ilikuwa kuchagua. Mtu akitaka kununua pikipiki, hasa ile ya kumfaa kwenye lami na kwenye njia mbovu pia, alipita kwa Fundi kwanza, ndipo aende dukani. Fundi hakuwa na duka, hakuuza pikipiki hata moja, na ada yake ya kuchagua ilikuwa pakiti moja ya majani ya chai. Ukimletea mbili alikurudishia moja. Wenye maduka ya Makupa walikuwa hawampendi, na wewe ungekuwa na duka usingempenda, maana mtu alitoka kwao macho yamemtoka kwa pikipiki nyekundu yenye taa nne, akapita Majengo, akarudi akataka nyembamba ya kijivu iliyokaa nyuma ya mlango.

Namna yake ya kuchagua haikufanana na ya mtu. Hakukuuliza una kiasi gani wala wapenda rangi gani. Alikuuliza waenda wapi, kisha akakwambia umletee udongo.

"Udongo?" watu walishangaa.

"Udongo wa ndia yako. Na usinitekee pale pazuri. Nitekee pale unapoogopa."

Basi watu walimletea udongo wa njia zao, uliofungwa kwenye gazeti, kwenye kopo la maziwa, hata kwenye leso. Nakumbuka muuguzi mmoja wa Kaloleni, mwanamke mcheshi aliyefanya kazi Tononoka na kurudi kwao kila mwisho wa wiki. Alicheka hadi akashika ukuta. "Fundi, mimi nataka pikipiki, sitaki mganga!" Lakini wiki iliyofuata aliuleta, mchanga mwekundu umejaa kikasha cha sindano. Fundi aliumimina kwenye kiganja, akausugua kwa dole gumba, akautilia maji kidogo ya birika, akaufinyanga kitonge, akakivunja. Kisha akamwambia atafute yenye rimu za spoku, zile njiti nyembamba za chuma, kwa sababu spoku hujinyonga kidogo ikipiga jiwe na rimu ya kumiminwa hupasuka. Mbele iwe nyepesi, mchanga usije ukamnyang'anya usukani. Tairi zisiwe na meno makubwa sana, maana nusu ya safari yake ni lami, na meno makubwa kwenye lami yenye mvua ni balaa. Yote hayo kutoka kwenye kitonge kimoja cha mchanga. Yule dada hata sasa huendesha pikipiki ile ile.

Baada ya udongo ulikuja mtihani wa pili, na huu ndio uliowauma wanaume. Alikuwa na godoro kuukuu la sufi. Akikutandikia hapo chini, anakwambia, "Haya, ilaze." Unailaza pikipiki kwa ubavu juu ya godoro. "Sasa iinue. Peke yako." Alitoka akakaa mbali kidogo, akajifanya anatafuta spana. Ukiinua, vyema. Usipoinua, pikipiki hiyo si yako, hata uwe na kifua kama mlango wa gereza. Hakuwa na maneno mengi hapo. Alisema siku itakapoanguka yeye hatakuwepo.

Na jambo moja juu yake nataka lijulikane kabla sijaendelea. Walioshindwa kuinua hakuwataja popote. Nimekaa pale miaka, nimewaona wanaume wanaojulikana mjini hapa wakitokwa na jasho juu ya lile godoro, na sijamsikia hata siku moja akiwacheka wala kumwambia mtu. Ukimchokoza umuulize fulani alifaulu, alikujibu, "Fulani alikunywa chai hapa." Ikaisha.

Mwenyewe hakuwa na pikipiki. Hilo liliwachekesha watu sana, na kwa kweli ni ajabu. Alipanda baiskeli nyeusi ya zamani, kengele yake imekufa, akitaka upishe anasema "Lirii! Lirii!" kwa mdomo. Alimfokea kila kijana wa boda asiyevaa helmeti, na yeye kichwani ana kofia ya mkono. Ukimwambia, anajibu, "Mimi nianguke wapi? Siendi popote." Na kweli, sidhani kama alivuka Makupa kwenda bara mara kumi maishani mwake. Njia za Kaloleni, Samburu, Kinango, Vanga, zote alizijua kwa udongo.

Sasa mimi. Kazi yangu ni pampu za visima. Nakaa Kibokoni, Mji wa Kale, lakini visima vyenyewe viko bara, kwa hivyo siku nyingi niko njiani: asubuhi lami, navuka Makupa, napanda hadi Mariakani, nakata kushoto, na mbele huko lami inakwisha na mambo mengine yanaanza. Nilipotaka pikipiki ya kazi hiyo, mamangu hakuniuliza bei wala aina. Alisema, "Fundi akisema yafaa, nunua. Asiposema, sitaki kuiona mlangoni." Fundi alikuwa amemchagulia marehemu babangu pikipiki yake, na babangu aliiendesha mpaka uzeeni bila hata kuchubuka goti. Kwa mamangu hilo lilitosha.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona yangu. Ilikuwa Makupa, imesimama mbele ya duka, jipikipiki refu, kioo mbele, masanduku ya bati ubavuni, ile aina ambayo ukisimama nayo penye taa watu huuliza watoka Kairo au waenda Kepu Tauni. Wallahi nilipenda. Nilikuwa nimechoka kupita mjini na watu kunipungia mkono, "We boda! Hadi Tononoka ngapi?" Nilitaka nikisimama nionekane msafiri. Haya ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, na sina la kujitetea nalo.

Muuzaji aliniruhusu niipeleke Majengo. Nilikuwa nimebeba na udongo wangu, ule mweusi wa kwenye korongo nyuma ya Kinango, ambao mvua ikinyesha hugeuka kuwa uji. Fundi aliufinyanga. Kitonge kiligoma kumtoka mkononi. Alikitazama, akaitazama pikipiki, akatandika godoro.

Niliilaza. Sikuiinua. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu nilisikia kitu kikivutika kiunoni, nikaiacha. Tuliinua sote wawili.

"Hii haikufai, baba," alisema.

"Lakini Fundi, barabarani inatulia kama..."

"Barabarani yafaa. Sijakataa. Ni nzuri, yapendeza, injini yake haina neno. Lakini wewe kazi yako iko korongoni." Akanipangusia kiti kwa kitambaa, kwa upole kabisa. "Tafuta nyepesi. Injini ya mia mbili yakutosha. Iwe na spoku, ekzosi iwe juu, madigadi ya mbele iwe juu, udongo huu usipate pa kukwama. Na iwe nyembamba, ndia za kwenu Kibokoni hizo masanduku haya yatapita wapi?"

Nilimpa pakiti yake ya majani ya chai, nikaondoka. Nyumbani, mamangu alikuwa anachagua mchele. Hakuinua macho.

"Fundi kasemaje?"

"Kasema yafaa."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea na mchele wake.

Ndivyo nilivyosema, bila kigugumizi. Nimejiuliza mara nyingi kama ningesita hata kidogo angenigundua. Sikusita. Kesho yake nikalinunua jipikipiki langu.

Kuhusu masanduku Fundi alisema kweli kabla ya wiki kwisha. Kichochoro chetu kina kona ambayo punda hupita kwa adabu. Niliparura ukuta wa jirani, nikalivunja pambo la mlango wa mtu, mwishowe nikawa nalisukuma jipikipiki kinyumenyume kila asubuhi, wazee barazani wakinihesabia: "Kushoto! Kushoto zaidi! La, kulia!" Nilikuwa bado najiona msafiri.

Masika ilipoingia nilikwenda kutengeneza pampu nyuma ya Kinango. Kwenye korongo lile tairi ya mbele ilizama, ikageuka, na lile jipikipiki likaniangukia mguu. Ulivunjika chini ya goti, na ekzosi ikaniunguza juu yake. Sikuweza kuliinua. Nililala pale tangu saa nne mpaka saa nane mchana, matope yakiingia sikioni, nikipiga kelele zilizosikiwa na mbuzi tu. Wanawake watatu waliokuwa wakirudi kutoka bwawani na madumu ya maji ndio walionikuta. Walikuwa wakichota bwawani kwa sababu pampu yao ndiyo niliyokuwa naenda kuitengeneza. Waliyatua madumu, wakalinyanyua jipikipiki, wakaniosha uso kwa maji waliyoyabeba kutoka mbali.

Hospitalini mamangu alikaa kando ya kitanda, buibui limejaa vumbi, ameushika mguu wangu usiovunjika.

"Si ulinambia Fundi kasema yafaa?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Maumivu yalikuwa makali lakini akili ilikuwepo, sitasema nilikuwa sijijui.

"Ndiyo, mama."

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

Kesho yake akaenda Majengo. Mamangu hakuwa mtu wa kupaza sauti njiani, lakini siku ile alipaza. Mwenyewe alikuja kunieleza jioni, ameridhika na bado amekasirika. Alisimama mbele ya karakana, watu wa boda wamejaa, muuza mahamri ameacha karai lake, akamwambia Fundi kwamba alimuamini akamkabidhi mtoto wake, na yeye karibu amrudishie maiti. Kwamba amezeeka, haoni tena, aache kuwachagulia watu vifo.

"Akajibu nini?" nikauliza.

"Hakujibu kitu. Alivua kofia akasema, 'Radhi, mama.' Basi."

Niligeuza uso ukutani. Mamangu alidhani ni maumivu, akaita muuguzi.

Mjini hapa neno halihitaji miguu. Nilipoanza kutembea na mkongojo na kurudi maskani yetu ya kahawa, lilikuwa limeshafika na kukaa. "Fundi kwisha. Kamchagulia mtoto wa watu dude, karibu limuue." "Si alikuwa akipapasa udongo kama mpiga ramli!" Walicheka. Mmoja akanigeukia, "Eti kweli, ndugu, ni yeye alokwambia?" Nilikunywa kahawa yangu nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Wakanisifu kwa subira yangu. Wakasema wengine wangemshitaki.

Watu wakaacha kumletea udongo. Wenye maduka wa Makupa walifurahi, na simlaumu hata mmoja wao, sikio lao lilipewa walichokuwa wakikitaka. Fundi akabaki na kuziba pancha na kubadilisha cheni za watu wa boda. Kazi ni kazi, lakini mtu aliyekuwa akiulizwa na nusu ya pwani sasa alikuwa akiulizwa kama ana pampu ya upepo.

Na mimi nikanunua pikipiki nyingine. Nyembamba. Injini ya mia mbili, spoku, ekzosi juu, madigadi juu. Kila neno alilonambia nilimwambia muuzaji wa Mariakani kama limetoka kichwani mwangu. Imenitumikia miaka sita haijanilaza. Wenzangu kazini husema, "Ama wewe unajua kuchagua." Nami huitikia ahsante. Hebu fikiria, ahsante!

Majengo sikupita tena. Nikitoka Makupa kurudi mjini nilizunguka Tononoka, hata kama kuna foleni. Mamangu, kila Idi, na mara nyingine bila Idi, aliniuliza, "Hupiti kumjulia hali Fundi?" Nilidhani amemsamehe tu, moyo wake umelainika. Nilimjibu nitapita, inshallah. Alinitazama, akaniuliza kama nimeshakula.

Mamangu alifariki mwaka jana. Fundi alikuja mazikoni. Alisimama nyuma, na jeneza lilipopita aliingiza bega lake fupi, akabeba hatua chache kama mtu yeyote. Alinipa mkono wa pole. Kucha zake zilikuwa safi. Sikuweza kumtazama usoni, na nina hakika alijua kwa nini.

Nilikwenda Majengo baada ya arubaini. Nitasema ukweli wa kwa nini nilikwenda siku zile na si kabla: mtu niliyemuogopa kuliko wote alikuwa hayupo tena duniani wa kunisikia. Hiyo ndiyo ilikuwa toba yangu, ya kungoja shahidi afe.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Karakana ilikuwa imepungua, mabati yametoboka, godoro halipo. Alikuwa anazamisha mpira wa tairi kwenye beseni la maji akitafuta tundu.

"Sabalkheri, Fundi."

"Sabalkheri, mwanangu. Karibu. Mguu wasemaje?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kibokoni. Yote yaliyeyuka. Nikasema tu kwamba aliikataa pikipiki yangu, na mimi nikamwambia mama ameikubali. Nikasema hata hospitalini nilimsingizia tena, na maskani nikanyamaza watu wakimcheka. Nikasema leo hii nitakwenda kusimama maskani niwaambie, na wenye maduka niwaambie, kila mtu. Nikalia. Mtu mzima na ndevu, nililia mbele ya muuza mahamri.

Alikausha mikono yake polepole kwenye kikoi.

"Waambie," alisema. "Ni vyema. Mimi nimeshakusamehe zamani, nisingekubebea mamako kama sikukusamehe."

"Kwa nini hukumwambia siku ile, Fundi? Neno moja tu."

"Nimwambie mtu, mbele za watu, mtoto wake mwongo? Naye mguu umevunjika?" Alitikisa kichwa. Kisha akanivutia kiti, na nikaona anatafuta jinsi ya kusema jambo asilotaka kulisema.

"Mamako alirudi," akasema. "Ulikuwa bado una mkongojo. Alikuja peke yake, akakaa hapo ulipokaa. Akanambia, 'Fundi, niapie kuwa ulimwambia mwanangu yafaa.' Mimi siapi uongo, baba. Nikanyamaza. Akaelewa."

 

"Alinililia sana. Akataka radhi. Akataka siku ile ile aende akawaambie watu. Mimi ndiye nilomzuia. Nikamwambia, muache, mama. Ni mtoto mwema, kaogopa. Atakuja mwenyewe, na akija mwenyewe itakuwa bora kwake na kwako. Akasema, 'Basi, nitamngoja. Akija, niletee habari.'"

Muuza mahamri alikuwa amegeukia karai lake, hatutazami.

"Akawa yuwapita," Fundi alisema. "Kila akienda sokoni, yuwapita. Haingii, husimama pale mlangoni. Haniulizi afya wala kazi. Huniuliza, 'Kaja?' Namjibu, 'Bado, mama.' Huenda zake. Mara ya mwisho alikuwa ameshikwa mkono na jirani, pumzi zamsumbua, kasimama pale pale. 'Kaja?'"

Aliuchukua mpira wake, akauweka tena chini.

"Nikamwambia bado."